‘Hazikuonekana’ si sawa na ‘hazipo’: Rangi ya protini inavyosaka saratani kwenye nyongo

KILA aliyewahi kumpasua kuku jikoni anajua kwamba chini ya ini mna kifuko kidogo cha kijani ambacho hakiguswi ovyo. Kikipasuka, mnofu wote huwa mchungu, na yamkini hapo ndipo Waswahili walipopata msemo wa mambo kutumbukia nyongo. Katika mwili wa binadamu mambo hutumbukia nyongo kwa namna ya kimya zaidi. Kifuko hakipasuki, ni nyongo yenyewe inayokosa njia ya kupita.

Tuchukue mkazi wa Fort Ternan, mji mdogo wa Kaunti ya Kericho ulio kando ya reli ya zamani inayoteremka kutoka nyanda za juu kuelekea Muhoroni na Kisumu. Asubuhi moja mkewe anamwambia kwamba macho yake yamegeuka manjano. Hana homa, wala tumbo halimwumi. Mkojo wake umekuwa mweusi kama turungi, choo kimepauka mithili ya udongo wa mfinyanzi, na ngozi inamwasha usiku kucha. Jirani wa kwanza atasema ni malaria, wa pili atamletea mizizi ya kuchemsha, na wa tatu, aghalabu yule aliyesoma, atasema ni homa ya manjano.

Huyo wa tatu anastahili kusahihishwa kabla hatujaendelea. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Ulizuka katika Bonde la Kerio kati ya mwaka 1992 na 1993, na una chanjo yake. Umanjano wa macho ni dalili tu, inayoweza kuletwa na maradhi mengi yasiyohusiana. Sisi wa dawati la uhariri tumeyachanganya mambo haya mara nyingi katika kurasa za magazeti, na nakiri kwamba kalamu yangu pia imewahi kupitisha kosa hilo.

Ini la mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita hadi lita moja ya nyongo kila siku. Nyongo husaidia kusaga mafuta ya chakula, na pia hubeba rangi ya manjano inayotokana na chembechembe nyekundu za damu zilizochakaa, ikaitupe utumboni. Rangi hiyo ndiyo inayokipa choo rangi yake ya kawaida. Mrija wa nyongo ukizibika, rangi hurudi katika damu, ikapanda machoni, ikashuka kwenye mkojo, na choo kikabaki cheupe. Kwa hiyo umanjano unaoambatana na mwasho na choo kilichopauka humwelekeza daktari kwenye mrija uliozibika, na usipokuwa na maumivu humtia wasiwasi zaidi.

Kinachouziba ndicho kitendawili. Yaweza kuwa vijiwe vya nyongo, au minyoo ya tumboni iliyopotea njia. Yaweza kuwa kovu la uvimbe wa zamani, au tezi zilizovimba kwa kifua kikuu zikaubana mrija kutoka nje. Pia yaweza kuwa saratani ya mrija wenyewe, ya kifuko cha nyongo au ya kichwa cha kongosho. Kovu, tezi na saratani vyaweza kuonekana katika picha kama kitu kimoja: mrija uliobanika, na juu yake mrija uliofura kama mto uliowekewa bwawa.

Tiba zake, hata hivyo, hazikaribiani. Vijiwe hutolewa, na kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge vya miezi kadhaa. Saratani iliyowahiwa huondolewa kwa upasuaji mkubwa ambao hukata pamoja sehemu za kongosho, utumbo na mrija, au kipande cha ini. Kumfanyia mtu upasuaji huo kwa sababu ya kovu ni dhuluma, na kumwacha mwenye saratani arudi nyumbani akiamini kwamba ana kovu ni hatari kubwa zaidi. Uamuzi kati ya hayo mawili mara nyingi hutegemea seli chache zilizokwanguliwa ndani ya mrija.

Brashi ndani ya mrija

Namna ya kuzipata seli hizo ilianza kujulikana mwaka 1968, pale daktari Mmarekani William McCune na wenzake walipoeleza jinsi ya kuufikia mrija wa nyongo kwa kupitia kinywani. Leo njia hiyo huitwa kwa herufi nne, ERCP. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, kifaa chembamba chenye kamera kikapitishwa kooni, tumboni, hadi sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mahali mrija wa nyongo unapofungukia. Hapo daktari huingiza waya mwembamba, humwaga dawa inayoonekana kwa eksirei, kisha huweka kijibomba cha kuipitisha nyongo. Kabla ya kukiweka, husugua mahali palipobanika kwa brashi ndogo mno. Maji ya nyongo nayo yaweza kunyonywa kwa bomba la sindano yakahifadhiwa.

Kilichonaswa na brashi hupakwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya kawaida, ile inayokumbukwa kwa jina la George Papanicolaou, daktari Mgiriki ambaye akina mama wanamjua bila kumjua kwa sababu kipimo cha Pap cha mlango wa kizazi kimebeba kipande cha jina lake. Rangi hiyo huonyesha umbo la seli. Mwanapatholojia hutazama kwa hadubini: viini vya seli ni vikubwa kupita kiasi? Vimelingana? Seli zimejipanga kama matofali au zimerundikana ovyo?

Wasomaji wa Fort Ternan wanaweza kuielewa kazi hiyo kwa kukumbuka jambo lililoupa mji wao sifa ya dunia. Mwaka 1961, katika shamba la Fred Wicker, Louis Leakey alipata vipande vya taya na meno ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka takriban milioni 14 iliyopita. Alimpa jina Kenyapithecus wickeri. Hapakuwa na mifupa kamili, ila vipande tu, na kwa vipande hivyo wataalamu walilazimika kumsoma mnyama mzima, wakabishana juu yake kwa miongo. Mwanapatholojia anayesoma brashi ya nyongo yuko katika hali hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mwenye mifupa ya Fort Ternan alikwisha kufa, ilhali mwenye seli hizi anasubiri nje kwenye benchi.

Kipimo kinachonyamaza

Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 ambao hakika wana saratani ya njia ya nyongo, brashi huwatambua wapatao 45. Ikiongezwa kunyofoa kipande cha nyama ndani ya mrija, idadi hufika karibu 59. Waliobaki huambiwa kwamba hakuna kilichoonekana.

Upande wa pili wa kipimo hicho ni mzuri ajabu: kikisema kuna saratani, ni nadra sana kikose. Kwa hiyo kosa lake huelekea upande mmoja tu. Hakimsingizii mtu, hunyamaza.

Sababu za ukimya huo ni za kimaumbile. Saratani ya mrija wa nyongo ni ngumu, yenye nyuzinyuzi nyingi kama muwa uliokomaa, na seli zake mbaya zimetawanyika kwa uchache ndani ya nyuzi hizo, nyingine zikiwa chini ya ngozi laini ya mrija ambako brashi haifiki. Kisha nyongo yenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kuyeyusha mafuta, huzila seli zilizobanduka, na zikikaa humo kwa muda hubaki makapi yasiyotambulika. Jambo la tatu ndilo linalowasumbua zaidi wanapatholojia: kijiwe, vijidudu, au kile kijibomba kilichowekwa kuokoa maisha huwasha ngozi ya mrija hata seli zisizo na hatia zikavimba na kujikunja zikafanana na za saratani. Daktari mwangalifu akiona hivyo hathubutu kuhukumu. Huandika kwamba seli “zinatia shaka”, akaishia hapo.

Mwaka juzi jamaa yangu mmoja aliniletea karatasi ya aina hiyo nimfasirie. Alikuwa amefika kwangu kutoka pande hizo za Kipkelion kwa matatu mbili, amevaa koti kubwa ijapokuwa jua lilikuwa kali, kwa sababu alikuwa amekonda na aliona haya. Mstari wa mwisho, nikiufasiri, ulisema: “Seli za saratani hazikuonekana katika sampuli hii.” Alikuwa ameshawatangazia ndugu kwamba hana saratani. Nilimwuliza nani alimwambia hivyo, akaninyooshea karatasi.

Nimekula mshahara wa lugha kwa miaka zaidi ya 25, na kazi yangu kubwa imekuwa kutenganisha maneno yanayofanana. “Hazikuonekana” si “hazipo”. La kwanza linamhusu aliyetazama, la pili linahusu kilichotazamwa. Aliyeiandika ile karatasi alikuwa mwaminifu kabisa. Alisema alichokiona, na akaongeza “katika sampuli hii” ili asidanganye. Lakini maneno hayo matatu hayakuwa yamesomwa na mtu yeyote kwa sauti mbele ya mgonjwa.

Rangi iliyotangulia Bomet

Wazo la kupaka kitu rangi ili kilichojificha kijitokeze si geni katika nchi ya majani chai. Mwanafunzi yeyote aliyepita shule ya msingi humu nchini amewahi kudondosha ayodini juu ya kipande cha kiazi akaona kikigeuka buluu iliyoiva, ikiwa ni ithibati kwamba kina wanga.

Katika hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, ayodini imetumiwa kusaka saratani ya umio, maradhi yaliyoitesa sehemu hiyo ya Bonde la Ufa kwa muda mrefu. Mwaka 2010 madaktari wa huko waliripoti wagonjwa 109 wenye umri usiozidi miaka 30, jambo ambalo ni adimu kwingi duniani. Baadaye waliwachunguza watu 305 wa maeneo hayo wasiokuwa na dalili yoyote. Umio ulinyunyiziwa mchanganyiko wa ayodini unaoitwa kwa jina la Lugol, Mfaransa aliyeutunga katika karne ya 19. Seli nzima za umio zina akiba ya sukari, na ayodini ikizigusa hugeuka kahawia. Zile zilizoanza kuharibika hukosa akiba hiyo, zikabaki zimepauka katikati ya kahawia kama kiraka kwenye nguo. Hapo ndipo daktari anaponyofoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba takriban watu 14 katika kila 100 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika, na ayodini ilifichua madoa mengi ambayo jicho peke yake lilikuwa limeyapita.

Mrija wa nyongo hauwezi kunyunyiziwa hivyo. Ni mwembamba, umejaa nyongo, na seli zake hazina sukari ya kutosha kuitikia ayodini. Inabidi rangi ipakwe nje ya mwili, kwenye seli zilizokwisha kutolewa, na ilenge kitu chembamba zaidi ya sukari. Kitu hicho ni protini.

Mbwa anayejua harufu moja

Mwili ukivamiwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, ambazo kila moja hukamata kitu kimoja tu na kuviacha vingine vyote. Ni kama mbwa aliyefunzwa harufu moja. Mnamo 1941 Albert Coons wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi ya kuifunga kingamwili na rangi inayong’aa, ili inapokwenda kunasa ilichofunzwa, mtazamaji aione imesimama wapi. Kikwazo kilikuwa kuzipata kingamwili za aina moja kwa wingi. Kikwazo hicho kiliondolewa mwaka 1975 huko Cambridge na Georges Köhler na César Milstein, waliounda seli zenye uwezo wa kuzalisha kingamwili ya aina moja bila kukoma. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Katika maabara ya leo mambo huenda hivi. Kilichonaswa na brashi, pamoja na mashapo ya nyongo iliyozungushwa kwa kasi katika mashine, hugandishwa kwa fomalini na kuzamishwa ndani ya nta mpaka kikawa kibonge kigumu. Kibonge hukatwa vipande vyembamba sana, takriban sehemu nne za elfu moja za milimita, kila kipande kikalazwa juu ya kioo chake. Hapa ndipo faida ya kwanza inapopatikana: badala ya kioo kimoja kilichopakwa na kwisha, daktari anazo nakala kadhaa za seli zile zile, kila moja tayari kuulizwa swali tofauti.

Vioo huchemshwa katika maji ya dawa, na baadhi ya maabara hutumia sufuria ya presha isiyotofautiana sana na ya kupikia maharagwe, ili kufungua protini zilizofumbwa na fomalini. Kingamwili hudondoshwa na kuachwa ifanye kazi, kisha huoshwa. Ile iliyonasa hubaki, isiyonasa huenda na maji. Kingamwili ya pili, iliyobeba kimeng’enya, huja kuishika ile ya kwanza. Mwisho hutiwa dawa inayogeuzwa na kimeng’enya hicho kuwa kahawia, na kioo kizima hupakwa buluu hafifu ili seli nyingine zionekane. Mwanapatholojia akiinamia hadubini, haulizi tena kama seli ina sura mbaya. Anauliza: kahawia iko wapi, ni nzito kiasi gani, na imeenea katika seli ngapi?

Protini zinazosakwa ni kadhaa. Mashuhuri kuliko zote ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo ni mlinzi wa seli. Seli ikidhurika, p53 huizuia isigawanyike. Katika seli nzima mlinzi huyo huvunjwavunjwa mara tu amalizapo zamu, kwa hiyo rangi humwona kwa uchache. Urithi wake ukiharibika, mara nyingi hutokea p53 mbovu isiyovunjika, ikarundikana ndani ya kiini mpaka kiini kikawa kahawia tupu. Mara nyingine uharibifu huifuta kabisa, na kiini kikabaki cheupe pe. Msomaji wa kioo hana budi kuzijua sura zote mbili, kwani kutokuwapo kabisa nako ni habari.

Protini nyingine mbili husomwa kwa pamoja kama mizani. S100P hujitokeza kwa nguvu katika saratani nyingi za kongosho na njia ya nyongo, ilhali pVHL, inayopatikana katika seli za kawaida za mrija, aghalabu hupotea. Moja ikipanda na nyingine ikishuka katika seli zile zile, ile shaka ya “pengine ni mwasho tu” hupungua sana.

Kundi la tatu ni protini ziitwazo Mcm, na mimi binafsi naona ndilo linaloeleweka kwa wepesi kuliko yote. Seli haiwezi kunakili urithi wake ili igawanyike kabla ya kupewa kibali, na Mcm ni sehemu ya kibali hicho, kama matatu isiyoweza kuingia barabarani bila leseni. Seli iliyokomaa na kutulia huirudisha leseni. Seli zinazobanduka kutoka juu ya ngozi ya mrija zilipaswa kuwa zimestaafu, hivyo zikipatikana ndani ya nyongo zikiwa bado na leseni mkononi, kuna jambo.

Watafiti wa London walilijaribu wazo hilo kwa wagonjwa 102 na kuchapisha matokeo katika jarida la British Journal of Cancer mwaka 2008. Hawakupaka rangi seli. Waliipima protini ya Mcm5 katika maji ya nyongo yaliyonyonywa wakati wa ERCP, kwa kutumia kingamwili zile zile za kukamata kitu kimoja. Brashi ya kawaida iliwatambua 20 katika kila wagonjwa 100 wenye saratani. Mcm5 iliwatambua 66. Na pale iliposema kuna saratani, ilisema kweli mara 97 katika kila 100.

Takwimu hizo zilishangiliwa, na kwa haki. Lakini miaka imepita na kipimo hicho hakijachukua nafasi ya brashi katika hospitali za kawaida, iwe huko kwao au huku kwetu. Wagonjwa 102 ni wachache, na mwasho mkali wa mrija nao huwapa leseni baadhi ya seli zisizo na hatia, kwa kuwa jeraha linalopona ni lazima ligawanye seli zake. Hata p53 yaweza kujitokeza kwa unyonge katika mrija uliowashwa na kijiwe. Rangi ya protini humwongezea mwanapatholojia ushahidi. Haimwondolei kazi ya kuhukumu, na haiwezi kupaka rangi seli ambazo brashi haikuzileta.

Kichupa mkobani

Hapo ndipo suala linapoondoka maabara likarudi barabarani. Katika nchi yetu si ajabu kumwona jamaa wa mgonjwa amebeba kichupa mkobani, akisafiri nacho kutoka hospitali ilikofanywa ERCP hadi maabara nyingine mjini. Nyongo haingoji matatu ijae. Seli zilizoachwa ndani yake bila dawa ya kuhifadhi huanza kuharibika mapema, na kingamwili bora kuliko zote duniani haiwezi kuzifufua. Kichupa kiwe na dawa iliyotajwa na maabara yenyewe, si maji ya kawaida, na kiandikwe jina, tarehe na saa ya kutolewa. Aliyetumwa naye aulize kabla ya kuondoka: sampuli hii inatosha kutengenezewa kibonge cha nta?

Upakaji rangi wa protini wenyewe si jambo la kuagizwa Ulaya. Maabara kubwa za Nairobi, ikiwamo ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, huutumia kila mara kwa saratani ya matiti, kwani bila kujua kama uvimbe una vipokezi vya homoni daktari hawezi kuchagua dawa. Mashine ni zile zile. Kinachobadilika ni kingamwili zinazonunuliwa, na uzoefu wa macho yanayosoma. Kwa hiyo maabara inayopaka rangi sampuli za matiti si lazima iwe inapaka za nyongo, na inafaa daktari aulize badala ya kudhani. Kila awamu ya upakaji inapaswa kuwa na kioo cha ulinganisho kinachojulikana kuwa na protini husika na kingine kisichokuwa nayo, la sivyo kahawia yaweza kuwa ya kosa la mikono.

Gharama nayo haifichiki. Kila protini huongeza kioo, kingamwili na ada, juu ya gharama ya ERCP ambayo kwa mchuma chai ni kubwa tayari. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wagonjwa wengi wamekuwa wakijua kilicholipiwa siku ya kutoka hospitalini. Ni bora ofisi ya bima ya hospitali iulizwe kabla, kipimo kwa kipimo, na jibu liandikwe.

Tena si kila mwenye macho ya manjano anahitaji haya. Picha ya mawimbi ya sauti katika hospitali ya kaunti huonyesha kama mirija imefura. Isipofura, chanzo kinatafutwa kwingine, kwenye ini au kwenye damu. Vijiwe vikionekana, huondolewa. Rangi ya protini ni kwa ajili ya wale wa katikati: mrija umebanika, picha inatia wasiwasi, na brashi imenyamaza au imetoa lile jibu la shaka. Kwao swali la kumwuliza daktari ni fupi. Sampuli hii ilikuwa na seli za kutosha, au iliandikwa “hazikuonekana” kwa sababu hapakuwa na cha kuonwa?

Yule jamaa yangu alirudi na swali hilo. Kumbe kioo cha kwanza kilikuwa na seli chache mno, na nyingi zilikuwa zimeliwa na nyongo. ERCP ilirudiwa, safari hii kwa brashi na kipande cha nyama pamoja, na kibonge cha nta kikapelekwa Nairobi. Miezi minne ilikuwa imepita tangu karatasi ya kwanza. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi kwa mistari mitatu: p53 imerundikana katika viini, S100P imejitokeza kwa nguvu, pVHL imepotea. Alinipigia simu akanisomea herufi moja moja, maana maneno hayo hayatamkiki, kisha akaniuliza ni lini anapaswa kurudi. Tarehe ya kuonana na daktari wa upasuaji ilikuwa imeandikwa chini ya ukurasa, siku kumi baadaye.